Basi Lenye Pazia la Wakwe

Mama yangu anaijua miguu ya mume wangu kuliko anavyoujua uso wake. Sifanyi utani. Kwa muda mrefu, kila Jumamosi, mume wangu alilala chali chini ya basi bovu lililoegeshwa kwenye kiwanja cha mama pale Kasulo, kichwa kikiwa gizani kwenye injini na miguu ikiwa nje juani. Mama akitaka kupita kwenda migombani alikohoa kwanza. Miguu ilijikunja kwa adabu. Mama akapita, na akishafika mbali miguu ikanyooka tena, kazi ikaendelea.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Huku Ngara, kwa wazee waliotulea, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawaketi wakielekeana. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima yenyewe ni nzito mpaka inamchosha mtu wa katikati. Mtu wa katikati ni mimi. Mama akitaka kujua kama mkwewe amekunywa chai, ananiuliza mimi, naye mume wangu yuko nyuma ya ukuta wa jiko anasikia kila neno. "Mwambie mumeo chai ipo." Namwambia. "Mwambie mama nimeshiba." Namwambia. Tangu nilipoolewa mimi ndiye simu yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuninunulia vocha.

Basi lile alilileta baba, Mungu amrehemu. Alikuwa dereva wa malori ya kahawa, na nilipokuwa shule ya msingi alikwenda Dar es Salaam kwenye mnada, kwa maneno yake mwenyewe, kununua lori. Akarudi na basi la mjini. Mama alitoka nje na mwiko mkononi, akalizunguka lote, akauliza mahali pa kupakia ndizi ni wapi. Baba akamwambia ndizi zitakaa kwenye viti kama watu wengine.

Halikuwa basi la safari ndefu. Lilikuwa limezoea kuzunguka mjini, lami tupu, kituo hadi kituo. Viti vyake vilikuwa mabenchi marefu mawili, moja kila upande, abiria wa huku wakitazamana na abiria wa kule, na katikati uwazi wa kusimama wenye nguzo za kushikilia. Lilikuwa na milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na kamba ndefu chini ya dari ya kupigia kengele. Juu ya kioo cha mbele kulikuwa na kisanduku chenye kitambaa kilichoviringishwa, kimeandikwa majina ya vituo vya Dar es Salaam. Ukizungusha mkono wa chuma, jina linabadilika. Vumbi la safari ya kuja kwetu liliukamata ule mkono kwenye jina la KARIAKOO, na ukagoma hapo. Baba alihangaika nao kidogo, akauacha. Basi likawa linatoka Kabanga, mpakani na Burundi, linapita Kasulo, linakwenda Biharamulo na kurudi, huku likijitangaza kwamba linaelekea Kariakoo. Watu wakaliita hivyo hivyo. "Kariakoo imepita?" lilikuwa swali la kila asubuhi barabarani.

Bibi mmoja wa Bugarama alimletea kondakta kikapu cha maharage, amfikishie mwanawe aliyekuwa mchukuzi sokoni Kariakoo. Kondakta alimweleza mpaka jasho likamtoka. Bibi akanyoosha fimbo kwenye maandishi. Alisema yeye hajasoma, lakini mjukuu wake amesoma, na serikali haiwezi kuruhusu gari liandikwe uongo usoni. Kikapu kikapokelewa. Ilibidi baba atafute mtu wa kwenda Dar es Salaam kweli ili maharage yafike, na yalifika, kwa sababu yule mwana alirudisha kikapu na kanga ndani yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumshawishi yule bibi kwamba basi letu haliendi Kariakoo.

Na ile kengele! Mjini, nasikia, ukitaka kushuka unavuta kamba, dereva anasikia, anasimama kituoni. Kwetu vituo vilikuwa watu. Abiria akimwona shangazi yake analima kando ya barabara, anavuta kamba, basi linasimama, yeye anachungulia dirishani: "Shikamoo shangazi! Mmeamkaje huko?" Shangazi anaitikia marahaba, anaulizia wagonjwa, na wa benchi la pili wanaulizia kama mvua imenyesha. Ndipo safari inaendelea. Baba hakukasirika hata siku moja. Alisema kumpita mtu bila kumsalimu ni kumtukana, na yeye hakununua basi ili aje kutukana watu wa Ngara. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na maneno mekundu: USIONGEE NA DEREVA. Mama aliposomewa, aliuliza ni watu gani hao wasio na malezi. Baba akaziba maneno yale kwa kalenda ya parokia, na kila mwaka alibandika mpya juu ya ile ya zamani.

Kondakta niliyemtaja ndiye mume wangu. Wakati huo alikuwa kijana mrefu wa Kabanga mwenye sauti ya kuitia abiria hata watu wa ng'ambo ya mpaka wageuke. Mimi nilikuwa najifunza ushonaji Biharamulo, naondoka Jumatatu, narudi Ijumaa, na kila Ijumaa nilikuta kofia yake imewekwa kwenye benchi, karibu na dirisha ninalolipenda. Kofia ile ilinitunzia nafasi mpaka nikaanza kumtunzia mwenye kofia. Baba aliona yote kwenye kile kioo kikubwa cha juu ya usukani. Siku moja akamwambia kijana, "Kofia hainywi pombe ya mahari. Waite wazee wako." Wazee wakaja, ng'ombe wakaja, pombe ya ndizi ikanywewa kwa mirija, nikaolewa Kabanga.

Hakuna aliyefikiria mabenchi.

Siku ya soko mama alijitanda kitenge kipya, akasimama barabarani na kapu lake, akapanda Kariakoo kwa mlango wa mbele kama alivyozoea. Mume wangu alikuwa katikati ya basi anakusanya nauli. Akageuka, akakutana na mama mkwe wake ana kwa ana, hatua chache, hakuna ukuta, hakuna mlango, hakuna mgomba wa kujifichia. Akafanya alichofundishwa na wazee wake. Aliruka. Alitokea mlango wa nyuma, basi likiwa linaondoka polepole, akatua kwenye shamba la mihogo ya watu. Mama naye alikuwa ameshajifunika uso kwa kitenge, kwa hiyo hakuona mkwewe ameelekea wapi. Baba alifika mbali kabla ya abiria kukumbuka kuvuta kengele kumwambia kwamba kondakta amebaki kwenye mihogo. Nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mume wangu hakucheka. Alikuwa amechanika suruali, na mimi ndiye niliyeishona.

Mama akasema hapandi tena. Mume wangu akasema anaacha kazi. Baba akaniita, akaniambia, "Wewe si fundi? Shona kitu." Akanunua mabomba mawili membamba ya maji, akayaunganisha na kuyafunga chini ya dari, kutoka nyuma ya kiti chake mpaka kwenye dirisha la mwisho. Mimi nikashona pazia la vitenge, la njano, lenye ndege wa bluu, refu la kukaribia sakafu. Likaligawa basi katikati kwa urefu wake: benchi la upande wa mlango huku, benchi la upande wa dereva kule. Mama alikaa upande wa dereva. Mkwewe alibaki upande wa mlango, na nauli na tiketi zilipita chini ya pazia, mkono kwa mkono, bila uso.

Kumbe hatukuwa peke yetu wenye shida. Baada ya muda mfupi wakwe wa wilaya mbili wakawa wanaisubiri Kariakoo na kuyaacha magari mengine. Wahangaza, Wasubi, hata Wasukuma waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao, kila kabila na namna yake ya kumheshimu mkwe, wote walilielewa pazia lile bila kuelezwa. Mtu alipanda, akachungulia nani yupo, akachagua upande.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi ni hili. Siku za mwanzo walikuwa kimya, mmoja huku, mwingine kule. Halafu siku moja sauti ya mama ikatoka nyuma ya ndege wa bluu: "Mkwe, barabara ikoje leo?" Barabara ni ile ile, basi ni lile lile, wote wawili wamo ndani yake! Mume wangu akajibu kwa upole kwamba barabara ni nzuri ila panapo daraja pana shimo. Ndivyo walivyoanza. Safari kwa safari wakaongea kahawa, magonjwa ya migomba, bei ya chumvi Kabanga, na tabia zangu, kwa kirefu mno. Nyumbani walirudi kuwa mabubu na mimi kuwa simu. Ndani ya basi walikuwa marafiki.

Mambo ya dunia hayadumu. Lami ilipokuja zikaja gari ndogo zenye haraka, ambazo hazisimami kwa shangazi. Baba akazeeka. Kariakoo ikaegeshwa kwenye kiwanja cha Kasulo, baba akatutoka, na basi likabaki pale na migomba ikalizunguka. Mama alianika maharage juu ya paa lake. Ndama alilala ndani wakati wa mvua. Mume wangu alifungua duka la vipuri Kabanga, na sauti yake ya kuita abiria akawa anaitumia kumwita mtoto atokaye shule.

Kaka yangu anaishi Mwanza. Ni mtu mwema, ila ana ugonjwa wa kupima viwanja kwa macho. Kila akija likizo alisimama mbele ya basi akahesabu vyumba vya kupangisha ambavyo vingesimama hapo. Mwishowe akampata mnunuzi wa vyuma chakavu, tayari kuja na mitungi ya gesi alikate vipande. Mume wangu aliposikia alikosa usingizi. Sikujua mtu anaweza kuugua kwa ajili ya basi mpaka nilipomwona. Alisema lile basi ndilo lililomlea, lililompa mke, na ndilo mahali pekee ambapo mama mkwe wake aliwahi kumcheka kwa sauti. Hilo la mwisho alilisema kwa haya.

Basi lilikuwa la mama, na neno lilikuwa la mama. Tulikusanyika jikoni kwake Kasulo, mume wangu akiwa nyuma ya ukuta.

"La kuvunda halina ubani, mama," kaka akasema. "Tulikate tu."

Mama akapuliza moto kwanza. Kisha akanigeukia mimi. Kwake yeye herufi r na l ni mapacha, na mimi simkosoi. "Mwambie mumeo, mjukuu wangu anaolewa Biharamulo baada ya mavuno ya kahawa. Mimi kwenye harusi ile siendi na gari la kukodi. Kama gari hili ni zima, linipeleke. Likinipeleka, linabaki. Rakini nisipolipanda siku hiyo, au likipandwa lisifike, kaka yako alete watu wake wakate."

Nikafungua mdomo kupeleka ujumbe. "Nimesikia," ukuta ukasema.

Ndipo zikaanza zile Jumamosi. Mume wangu na fundi mmoja wa Kabanga waliifungua injini yote. Taa moja ilitoka Burundi, nyingine ilitoka kwenye lori lililokufa. Mpira wa madirisha ulikatwa kutoka kwenye tyubu za matairi. Kazi ilisimama mara moja kwa amri ya mama, kwa sababu kuku wake alikuwa ameatamia chini ya usukani, na hakuna aliyeruhusiwa kugonga nyundo mpaka aangue. Mimi nilishona vitambaa vya viti, na chumba changu cha cherehani kikajaa mabenchi mpaka wateja nikawapimia nguo zao mlangoni.

Walipokwangua rangi aliyoipaka baba, chini yake ilitokea rangi ya mjini, nyekundu na nyeupe, imekaa pale miaka yote ikisubiri. Mume wangu alishikwa na kitu kama homa. Akapata kwenye simu picha ya mabasi ya aina ile enzi zake Dar es Salaam, na kuanzia hapo picha ikawa sheria. Kitasa kikawa kama cha kwenye picha. Namba ikaandikwa kama ya kwenye picha. Akabandua kalenda za baba, moja baada ya nyingine, mpaka yale maneno mekundu yakang'aa tena. Akafungua mabomba ya pazia, kwa kuwa kwenye picha hayapo. "Mwacha asili ni mtumwa," alituambia, kifua mbele. Nami nilimpigia makofi, maana basi lilipendeza, jamani. Hata kuku waliliogopa.

Siku ya safari ilifika, siku moja kabla ya ndoa. Binti yetu, bibi harusi mwenyewe, alikuwa ametangulia kwa ndugu zetu wa Biharamulo. Injini iliwaka asubuhi kwa moshi mwingi, na majirani wakapiga vigelegele. Dereva wa Coaster wa Kabanga, tuliyemwazima kwa siku hiyo, alishika usukani, akasema gari hili halipindi kona, linaombwa. Mume wangu alivaa suti na kofia yake ya ukondakta. Wageni walikuwa wamevalia vitenge vya sare na magauni, wamebeba madebe ya pombe ya ndizi.

Hakuna aliyepanda.

Wanaume walisimama upande wa mlango wa nyuma, wanawake upande wa mlango wa mbele, kila mmoja akichungulia ndani na kurudi nyuma. Baba mkubwa yule na mke wa mwanawe, shangazi huyu na mume wa bintiye. Mabenchi mawili mapya yalikuwa yanatazamana, yanang'aa, hakuna kitu katikati yake. Mama alikuwa mbele ya wote, na kifurushi mkononi. Alitazama ndani. Akayaona yale maneno mekundu aliyowahi kusomewa. Akarudi nyuma akaketi kwenye kigoda chake uani.

"Mama hapandi," kaka akasema taratibu, na nikaona mkono wake unatafuta simu mfukoni. Mume wangu alikuwa amejificha nyuma ya basi, kwa heshima ile ile. Nilimwona amevua kofia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Hasira zikanipanda, sikujua nimkasirikie nani, nikaenda kwa mama.

"Mama, gari limewaka! Unataka nini tena?"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Mwambie aliyelitengeneza, ametengeneza basi la watu wa Dar es Salaam. Zuri sana. Rakini mimi nilikuwa nalisubiri la kwetu." Akafungua kifurushi magotini. Ndani yake mlikuwa na ndege wa bluu, wamefuliwa, wamepigwa pasi.

Sikuhitaji kupeleka ujumbe, maana mume wangu alikuwa ameshatokea mbio. "Mabomba!" alipiga kelele. "Mabomba yako wapi?" Yalikuwa nyuma ya jiko, mama aliyachukua kuegemezea migomba miwili iliyozaa vizuri. Wanaume wakayavuta, mikungu ikaanguka, mtu akaikamata hewani na kutangaza kwamba nayo inakwenda harusini. Kaka yangu, nakiri, ndiye aliyepanda juu ya benchi na kushikilia bomba likifungwa. Shangazi mmoja akabandika kalenda ya mwaka huu juu ya maneno mekundu. Pazia lilipovutwa, watu waliingia bila kuelekezwa, huku na kule, wakwe wakatengana, na kelele za furaha zikaanza pande zote mbili.

Mama alipanda wa mwisho. Nikakaa naye upande wa dereva, goti kwa goti.

Safari ile ilikuwa ya polepole na tamu. Kamba ilivutwa mpaka dereva akaomba msamaha. Tuliwasalimu wakulima, wachunga ng'ombe, wauza mananasi, na polisi mmoja aliyetuamkia mwenyewe. Kaka yangu wa viwanja alivuta kengele kumsalimu mwalimu wake wa zamani, akatoa nusu ya mwili dirishani. Kisha, kwenye kilima kirefu kabla ya Lusahunga, injini ilianza kukohoa, mvuke ukatoka mbele, na Kariakoo ikasimama.

Watu wakashuka. Waliokuwa na madumu wakaenda kutafuta maji, waliokuwa na ngoma wakapiga palepale kando ya lami. Mama hakushuka, nami nikabaki naye. Punde tukasikia mtu anaingia upande wa mlango, anakaa, anashusha pumzi. Chini ya pazia niliona viatu vya harusi vimejaa vumbi. Mama naye alikuwa anaitazama ile miguu.

"Mkwe," akasema.

Kwa mazoea nikafungua mdomo. Mama akaniwekea mkono gotini ninyamaze.

"Naam, mama," pazia likajibu.

"Barabara ikoje leo?"

"Barabara ni nzuri, mama. Sisi ndio tumechemka."

Mama akacheka, kile kicheko cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba alipoegesha basi. "Hata mimi nimechemka mara nyingi," alisema. "Na hakuna aliyenikata." Halafu sauti yake ikashuka. "Nilikuwa na hamu na maongezi yako, mwanangu. Kila Jumamosi napita pale, mtu wa kuongea naye yuko chini ya gari."

Miguu haikujikunja. Ilitulia tu, na nikasikia mume wangu anapenga kamasi.

"Sasa sikiliza," mama akasema. "Mwambie mke wako gari halikatwi. Lifike lisifike."

Nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti! Harufu ya mafuta yake ya kujipaka ilikuwa puani mwangu. Mume wangu akakohoa, akatengeneza sauti, akaniita kama niko ng'ambo ya mpaka: "Mke wangu! Mama anasema gari halikatwi. Lifike lisifike."

"Mwambie mama nimesikia," nikajibu. Machozi yalinitoka na kicheko kikanibana mbavu.

Maji yakaletwa, injini ikapoa, ikawaka. Tuliingia Biharamulo jua likiwa limeelemea magharibi, kengele ikilia bila kukoma, na wenyeji wetu Wasukuma, ukoo wa bwana harusi, wamejipanga barabarani na ngoma zao. Mama alishuka wa kwanza. Bibi na mume wa mjukuu wake ni watani, hawana mpaka, kwa hiyo alimkamata bwana harusi mkono akamwambia amekonda, angejua angemchagua mwingine, na akaanza kucheza naye. Mimi nilibaki ndani nikikunja kitenge chake.

Bwana harusi akajinasua kwa bibi, akaja mbio kupokea wageni. Akaweka mguu kwenye mlango wa mbele, akainua uso, akaniona mimi, mama mkwe wake, ana kwa ana. Macho yalimtoka. Akarudi nyuma kwa kasi mpaka akamkanyaga mpambe wake, akapotea. Hapo ndipo akili ilinijia mimi ni nani sasa. Nikasikia mume wangu kwenye mlango wa nyuma, anamwita kwa ile sauti ya kazi: "Pita huku, kijana. Kaa hapo. Usiogope, ongea."

Benchi la upande wa pili likalia. Mkono wenye soda baridi ukapita chini ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Niliwatazama wale ndege wa bluu niliowashona nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa, mshono mmoja umepinda kwa haraka za siku ile. Nje mama alikuwa anacheza. Nikapokea soda, nikajitengeneza kwenye benchi.

"Mkwe," nikamwuliza, "barabara ikoje leo?"